Wazee wanasema vijana tunakula pesa. Pesa gani?

Leo nataka tuongee bila kufichana kuhusu kitu ambacho nyumba nyingi hapa Nakivale zinakigombania, ila ni wachache wanakiandika: pesa. Sisemi pesa ya msaada tu. Nasema pesa ya ndani ya nyumba. Nani anaileta, nani anaikula, na nani ana haki ya kumuuliza mwenzake.

Kuna maneno mawili nimeyasikia mpaka masikio yamechoka. La kwanza ni la wazee: "Vijana wa leo hamna akili ya pesa. Mnapata leo, mnakula leo." La pili ni la vijana: "Wazee kazi yao ni kungojea. Wanangojea chakula, wanangojea kusafiri, na sasa wanangojea insentivu yetu." Mimi ni volontia. Kazi yangu kubwa ni kutafsiri na kusaidia watu kujaza fomu, kwa hiyo naweza kusikia upande wa baba saa tatu, na upande wa mtoto wake saa nne. Wote wawili wanaongea kwa uchungu. Na kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

Msimamo wangu nauweka mbele ili usiutafute: mtu aulizwe juu ya kile kilichokuwa mkononi mwake kuamua. Kile ambacho hakikuwa mkononi mwake, asilaumiwe nacho, na pia asikitumie kama kisingizio. Tukishika hilo, wazee wataacha kutusema kwa sababu ya ng'ombe ambazo sisi hatukuwahi kuwa nazo. Na sisi tutaacha kusema "mimi ni mkimbizi" kwa mambo ambayo tunayaamua wenyewe, kila Jumamosi, mbele ya nyumba ya kubeti.

Wazee walijifunzia wapi

Tuanze na wazee, kwa heshima. Wengi wetu hapa ni Wakongo, basi nitaongea ya Kongo, juu ndiyo tunayoisikia nyumbani kila siku.

Mwaka 1967 pesa inayoitwa zaire ilipoanza, zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mzee aliyekuwa kijana wakati ule aliona mshahara unaoweza kulisha nyumba. Baadaye akaona ile pesa inaoza mkononi. Mwisho wa mwaka 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5. Noti moja! Wafanyabiashara wakaikataa, askari waliolipwa nayo wakakasirika, na Januari 1993 Kinshasa ikaporwa. Oktoba mwaka ule ule ikaletwa zaire mpya: ili upate moja, ulitoa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 hiyo mpya nayo ikafa. Ilikuja faranga ya Kongo, na faranga 1 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000.

Sasa jiulize, mtu aliyepita humo atakufundisha kuweka noti chini ya godoro? Hapana. Atakufundisha kununua ng'ombe, kununua shamba, kupiga bati, kusomesha mtoto. Serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi ndio waliochanga ili mwalimu abaki darasani. Wakongo wote wanajua ile "artikle 15" ambayo haimo katika sheria yoyote ya leo: jipange mwenyewe, hakuna mtu anakuja kukusaidia. Wazee wetu walijitegemea kabla neno hilo halijaandikwa kwenye mabango ya mashirika.

Halafu vita vya 1996 vikaja, na vya 1998, na vingine ambavyo havijaisha mpaka leo. Ng'ombe zikachukuliwa. Nyumba zikachomwa. Mashamba yakabaki na wengine. Kitu gani kilibaki? Watu. Yule jirani uliyemsaidia kwenye matanga njo alikupokea ulipofika na mtoto mgongoni. Yule ndugu uliyemchangia harusi njo alikuonyesha njia.

Kwa hiyo baba anapotoa shilingi 5,000 ya matanga wakati nyumbani hamna mafuta, wewe unaona upotevu. Yeye anaona benki pekee ambayo haikuwahi kumwibia. Si lazima ukubali hesabu yake. Ila ujue kwamba ni hesabu, siyo ujinga.

Sisi tulipewa nini

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda ilitupa jembe kweli, na tushukuru. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea, kufanya kazi na kufanya biashara. Ndugu zetu wa Nyarugusu, kule Tanzania, kutoka kambini bila kibali ni shida kubwa. Sisi tunaenda Mbarara na tunarudi. Hiyo siyo kitu kidogo, na kijana wa Nakivale anayesema "hapa hatuwezi kufanya chochote" amwulize mwenzake wa kule.

Lakini jembe bila shamba ni mti wenye chuma. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Waliofika zamani walikuta ardhi ya kulima. Waliofika nyuma, wengi walipata kipande cha kujenga na sehemu kidogo ya kupanda mboga. Watu wameongezeka, ziwa liko palepale, vilima viko palepale. Mzee anayekuambia "mimi nikiwa na miaka yako nilikuwa na shamba langu" anasema ukweli. Ila shamba lile alipewa na baba yake, na baba yake alipewa na babu. Mimi baba yangu atanipa nini? Karatasi ya familia yenye jina langu namba nne.

Na chakula nacho kimepungua mbele ya macho yetu. Aprili 2020 PAM ilikata mgao kwa asilimia 30. Februari 2021 ukashuka ukafika asilimia 60 ya ule wa kawaida. Julai 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kabisa. Mei 2025 karibu watu milioni moja nchini Uganda walikatwa msaada wa chakula kwa mara moja. Hayo yote yametokea ndani ya miaka mitano. Aliyekuwa darasa la kwanza la sekondari mwaka 2020 amemaliza kidato cha nne akiwa anakula pungufu kila mwaka.

Pesa yetu inakuja namna gani? Inakuja kidogo kidogo, na inakuja kwenye simu. Kijana anatafsiri siku tatu, analipwa. Anabeba mizigo siku ya soko, analipwa. Ndugu wa ng'ambo anatuma kidogo. Kila ukitoa, wakala anakata chake, na tangu mwaka 2018 serikali inakata kodi ya nusu asilimia kwa pesa unayotoa. Pesa ya namna hiyo haiwezi kununua ng'ombe. Hata mbuzi inamtafuta kwa shida. Inanunua kilo mbili za unga, sabuni, na mega za wiki. Ndiyo maana mzee anaona kama tunakula kila kitu. Tunakula kweli, juu inafika ikiwa saizi ya kuliwa.

Vipimo vitatu, nyumba moja

Kuna kitu kingine kinachotugombanisha, nacho ni kipimo cha maisha mazuri.

Mzee anapima na kijiji chake cha kabla ya vita. Kwake, maisha mazuri ni maziwa asubuhi, mlango wa mbao, wageni kula na kubakiza. Akiangalia hapa anasema: chakula ni kidogo, lakini usiku tunalala bila risasi. Kwake hiyo tayari ni nusu ya utajiri.

Kijana anapima na simu. Binamu yake aliyesafiri Marekani au Australia anatuma picha: friji, gari, viatu vyeupe kwenye theluji. Hatumi picha ya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama wala ya bili ya nyumba. Kijana akiinua macho kutoka kwenye simu anaona turubai, anaona miaka kumi imepita, anasema: hapa hamna maisha. Mama akisikia hivyo anaumia, juu yale "hayana maisha" ndiyo yeye ameyajenga kwa mikono yake.

Mfanyakazi wa shirika naye ana kipimo chake: kiwango cha chini. Lita ngapi za maji, kilo ngapi za nafaka, mtu mmoja kwa siku. Hicho ni kipimo cha kumfanya mtu asife. Si kibaya, kimeokoa wengi wetu. Lakini hakuna mtu duniani anayeota kiwango cha chini.

Vipimo hivyo vitatu vinakaa chini ya turubai moja. Baba anasema tosheka, mtoto anasema ondoka, shirika linasema jitegemee. Kila mmoja anashangaa kwa nini mwenzake haelewi. Tatizo si akili, tatizo ni kwamba hatujawahi kuambiana tunapima na nini.

Ugonjwa wa kungojea

Hapa nitagusa kidonda. Wazee na vijana wote tumeugua ugonjwa mmoja: kesi ya kusafiri.

Nyumba yenye kesi inabadilika. Hawapandi parachichi, eti nani atakula matunda? Hawakarabati choo. Mtoto anaambiwa usianze kozi, tutaondoka karibuni. Wengine wanauza vitanda na masufuria baada ya kufanya vipimo vya afya, wanakopa kwa matumaini kwamba deni litalipwa kutoka kule. Halafu Januari 2025 rais mpya wa Marekani akasaini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamefunga mabegi wakaanza kutafuta nani aliwauzia masufuria ili wayanunue tena.

Sisemi watu waache kutumaini. Kesi ikifunguka, nenda, na Mungu akutangulie. Ninachosema ni kwamba kusafiri hakuko mkononi mwetu. Kunaamuliwa na watu ambao hawatujui, katika miji ambayo hatuijui. Kupanda parachichi kuko mkononi mwetu. Ukiondoka, jirani atakula. Usipoondoka, utakula wewe.

Simu, nguo na kubeti si kitu kimoja

Wazee wanapotaja makosa yetu wanayafunga yote katika furushi moja: simu, nguo, kubeti. Naomba tufungue furushi.

Simu naitetea. Kwenye simu njo kazi zinatangazwa, pesa inafikia, masomo ya bure yanapatikana, na ndugu wanajulikana kama wako hai. Kijana anayeweka mega kabla ya kununua soda hakukosa akili. Kwa mzee, matanga ni njia ya kubaki ndani ya watu. Kwa sisi, simu ni njia ya kubaki ndani ya watu. Ni akili ileile katika nguo nyingine.

Nguo naitetea nusu. Ukienda kuomba kazi Mbarara na shati iliyochanika, watakuona mkimbizi kabla hawajakuona fundi. Shati safi ni kifaa. Lakini shati la mkopo, la kuvaa kwa picha, huku deni la unga lipo kwa mwenye duka ambaye mdogo wako anapita mbele yake akiwa amejificha uso, hilo silitetei.

Kubeti sikutetei hata kidogo. Nawaona wenzangu wakiwa na karatasi za mechi za ligi ya nchi ambayo hawataikanyaga, wanasema "timu moja tu imeniangusha". Kila wiki ni timu moja tu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari, ila tunajua wanaoingia mle ni wa umri gani. Mtaniambia ni kwa sababu ya kukosa kazi. Ndiyo, kukosa kazi ndiko kunakupeleka mlangoni. Lakini hakuna amri ya serikali, hakuna vita, hakuna shirika lililoweka ile elfu mbili kwenye dirisha. Ulikuwa ni mkono wako.

Na wazee wasifikiri kamari imezaliwa na simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kinshasa, watu wazima, wafanyakazi wenye familia, walimwaga pesa zao kwenye mchezo wa Bindo. Uliahidi faida ambayo hakuna biashara inaweza kutoa, na mwaka 1991 ukaanguka na akiba za watu. Wale hawakuwa watoto. Walikuwa watu ambao pesa yao inaoza, wakatafuta njia ya kuruka shimo kwa mguu mmoja. Kijana wa leo anaruka shimo lilelile. Mzee anayekumbuka Bindo angekuwa mwalimu mzuri kuliko mzee anayetukana.

Binti si akiba

Kwa kuwa nimewasema vijana, niseme na la wazee, kwa unyenyekevu lakini bila kulipaka sukari.

Tangu chakula kikatwe, kuna nyumba ambazo macho ya baba yameanza kumwangalia binti wa miaka 15 au 16 kwa namna nyingine. Mahari. Mdomo mmoja wa kulisha utapungua, na kitu kitaingia. Wanasema ni desturi. Desturi ya kweli ilikuwa na ukoo mzima unaoulizia, yenye ng'ombe zinazozaa, na binti aliyekuwa na kwao pa kurudi. Hii ya hapa ni kuuza haraka kabla bei haijashuka. Sheria inakataza kabla ya miaka 18, na hata bila sheria tunajua inaishia wapi: mwaka mmoja baadaye binti anarudi na mtoto, na mdomo mmoja umekuwa miwili.

Baba, najua njaa hukuileta wewe. PAM hukuiamuru wewe. Lakini hili liko mkononi mwako. Kama sisi tunaulizwa juu ya elfu mbili ya kubeti, na ninyi mtaulizwa juu ya huyu.

Insentivu moja, mipango mitatu

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. Kadi ya chakula ilipokufa, katika nyumba nyingi kijana mwenye insentivu ndiye aligeuka kadi. Na hapo ndipo vita vilianza.

Chukua mfano. Tuseme kijana analipwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Kabla haijafika, baba ameshamwambia mwenye duka kwamba mwisho wa mwezi atalipwa 60,000. Mama ameshahesabu 50,000 ya shule, inifomu na madaftari ya wadogo. Kijana mwenyewe ameshapanga 70,000 ya kozi ya umeme. Jumlisha: 180,000. Ile pesa imetumika mara moja na nusu kabla haijaingia kwenye simu. Siku ikifika, mtu mmoja lazima akose. Jioni kila mmoja analala akihisi ameibiwa, na kweli hakuna mwizi. Mwezi unaofuata kijana anadanganya: "Bado hawajatulipa." Mwezi wa tatu anahama, anajenga kibanda chake, anatafuta namna ya kujiandikisha peke yake. Watu wanasema ameharibika. Hakuharibika. Alikosa mahali pa kusema "sina uwezo wa yote" bila kuitwa mchoyo.

Waswahili wanasema ukubwa ni jaa. Zamani jaa lilikuwa ni mzee, kila mtu alikuja kumwaga shida zake kwake. Sasa jaa ni mtoto wa miaka 22. Ana mzigo wa baba, lakini hana kiti cha baba. Analipa, lakini akiuliza "lile deni la duka lilikuwa la nini?" anaambiwa hana heshima. Na mzee naye: alikuwa mlinzi wa nyumba, leo anamwomba mtoto pesa ya dawa. Aibu hiyo inatoka kama hasira. Wengi wanatukana kwa sababu kuomba kunawauma.

Dawa yake tunayo tayari, na hatukuinunua popote. Kongo tunaicheza likelemba tangu zamani: watu wanachanga, kila mmoja anapokea kwa zamu, na zamu inajulikana. Hapa tuna vikundi vya akiba vyenye sanduku la kufuli tatu, namna iliyoanza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE na sasa imezunguka Afrika. Funguo wanashika watu watatu tofauti. Kila mkutano pesa inamwagwa, inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mmoja anajua kesho kuna kiasi gani. Mama zetu wameendesha masanduku hayo miaka mingi. Wengi hawakumaliza shule, na pesa haipotei.

Basi kwa nini mama anayehesabu pesa ya wenzake ishirini kwa sauti, nyumbani pesa inaongelewa kwa kunong'ona?

Ninachopendekeza ni kidogo. Siku moja kwa mwezi, kabla pesa haijafika, nyumba ikae. Kijana aseme kiasi halisi, bila kupunguza. Baba aseme madeni yote, bila kuficha lile la aibu. Mama aseme ya watoto. Halafu mgawane kabla, siyo baada. Kwa mfano ule wa 120,000: labda 60,000 ya chakula na deni, 30,000 ya shule, 20,000 ya kozi, ambayo itachukua miezi zaidi lakini itafika, na 10,000 ya mfuko wa kijana ambayo hakuna mtu atauliza. Ninyi mtaweka namba zenu. Mnaweza kuwa maskini kama jana, sikatai. Lakini hamtakuwa wezi machoni pa wenzenu, na mtoto hatahitaji kuhama ili apumue.

Ile 10,000 ya mwisho wazee wataipinga. Naomba muiache. Mtu asiye na hata kidogo cha kuamua hajifunzi kuamua.

Kwa ndugu wa mashirika

Nanyi nina maneno matatu, kwa upole, juu wengine ni wakubwa zangu wa kazi.

La kwanza: neno "kujitegemea" mlitumie kwa uangalifu. Mtu aliyekatwa chakula mwezi wa tano na kualikwa mafunzo ya kujitegemea mwezi wa sita anasikia artikle 15 kwa sauti ya spika. Kama mnakata kwa sababu wafadhili wamekata, semeni hivyo. Watu wetu wanavumilia ukweli. Wasichovumilia ni kuambiwa kwamba njaa ni somo.

La pili: mafunzo ya kupanga matumizi msiwaite vijana peke yao. Kijana anarudi nyumbani na daftari zuri la bajeti, anakuta baba amekwisha kukopa. Waiteni pamoja, baba, mama, na yule anayeingiza. Pesa ni ya nyumba, basi somo liwe la nyumba.

La tatu: insentivu ikichelewa wiki tatu, kwenu ni karatasi haijasainiwa. Kwetu ni mwenye duka amefunga daftari, na kijana ameonekana mwongo kwa baba yake. Mkijua itachelewa, tuambieni mapema. Tarehe ya kweli ina thamani karibu kama pesa yenyewe.

Namalizia na vijana wenzangu. Hatukuchagua kuzaliwa katika vita wala kukua kwenye foleni. Shamba hatukurithi, pesa za mgao hatuzipangi, ndege hatuziendeshi. Hayo tukiulizwa, tujibu bila aibu: hayakuwa mikononi mwetu. Lakini kuna elfu mbili ya Jumamosi, kuna ukweli wa kiasi tunacholipwa, kuna mti wa parachichi, kuna mdogo wako wa kike ambaye wewe kama kaka unaweza kusimama mbele ya baba, kwa heshima, ukasema "huyu aende shule, nitachangia". Hayo ni machache. Ndiyo yetu.

Mwisho wa mwezi unakaribia. Kabla haijafika, kaeni.